Hatua za Kuazima

Siku daktari aliponiambia kwamba presha yangu imepanda, nilijisikia kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita katika shule za sekondari za Korogwe bila kupanda popote, na sasa, hatimaye, kuna kitu changu kilikuwa kimepanda bila kuomba barua kwa mtu.

"Haijafikia kuhitaji dawa, mwalimu," alisema. "Punguza chumvi, punguza mafuta, na utembee. Tuonane baada ya miezi mitatu."

Nilirudi nyumbani Manundu nikiwa nimeibeba habari ile kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba sinia la pilau msibani. Mke wangu alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Ni fundi wa nguo, Mshambaa wa kule milimani, na siku ambazo hashoni yuko kwenye shamba letu la Makuyuni. Si mtu wa maneno mengi. Nilimweleza yote, na nikayaeleza taratibu ili uzito wake usipotee.

"Pole," akasema. "Kwa hiyo chumvi basi?"

"Basi."

"Mafuta?"

"Basi."

"Na kukaa kitako?"

"Kukaa kitako kumefanya nini?"

"Si amesema utembee? Nauliza kama nako ni basi."

Kisha akaendelea kushona. Mimi nikaingia ndani kumpigia simu binti yetu mkubwa, ambaye nilijua angeipokea habari hiyo kwa heshima inayostahili.

Binti yetu anafanya kazi Dar es Salaam, katika ofisi yenye kiyoyozi, na watu wa ofisi zile wanajua dawa ya kila kitu, na mara nyingi dawa yenyewe huwa inachajiwa. Haikupita wiki, kifurushi kikafika kwa basi. Ndani mlikuwa na saa janja nyeusi, yenye kioo kama jicho la samaki, na karatasi yenye mwandiko wake: "Baba, vaa hii usiivue. Nakupenda."

Maelekezo yalikuwa kitabu kidogo chenye herufi za ukubwa wa chawa. Wenzangu wengi wakipewa kitu kama hicho hutupa kitabu na kuanza kubofya. Mimi ni mwalimu. Nilikaa nacho siku mbili, na kalamu nyekundu mkononi, nikipigia mistari. Nilipomaliza, nilijua kwamba saa ile inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inapima usingizi na kuupa alama, inakukumbusha kunywa maji, inakukumbusha kuvuta pumzi, jambo ambalo hadi siku ile nilikuwa nikilifanya bila kukumbushwa, na ukikaa kwa muda mrefu inatikisika na kukuonyesha mtu mdogo wa kijani akiinuka. Niliviwasha vyote. Mtu hapewi ng'ombe akamkamua chuchu moja.

Saa iliunganishwa na simu yangu, na simu yangu ikaunganishwa na simu ya binti yangu. Kila nilichokifanya Korogwe kilionekana Dar es Salaam. Nilimlea mtoto yule kwa swali moja, "Ulikuwa wapi?" Sasa zamu ya kuuliza ilikuwa yake.

"Shikamoo baba. Jana saa tisa mpaka saa kumi na moja hukutikisika kabisa. Ulikuwa mgonjwa?"

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa kikaoni."

"Basi hata vikaoni uwe unainuka baba."

Lengo letu lilikuwa hatua elfu kumi kwa siku. Nilianza kwenda jioni kwa miguu kwenye barabara ya Ngombezi, huku mkonge umejipanga pande zote mbili kama wanafunzi mstarini. Nilitembea kwa kasi, viwiko vimekunjwa, kama kitabu kilivyoelekeza. Nilipishana na wafanyakazi wa shamba wakitoka kukata mkonge tangu alfajiri, mapanga begani, miguu imepauka vumbi. Siku ya kwanza mmoja wao, mtu mzima wa rika langu, alisimama.

"Mwalimu, kuna nini? Umepatwa na jambo?"

"Hapana, natembea tu."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nikifika pale kwenye mti nageuka."

Aliniangalia kwa muda, akawaangalia wenzake. "Pole sana, mwalimu," akasema, na aliisema kwa dhati.

Darasani niligundua jambo ambalo kitabu hakikuliandika: kufuta ubao kunahesabiwa. Saa haioni miguu, inaona mkono tu, na mkono unaofuta ubao kwa juhudi, kwake, ni mtu anayetembea. Tangu siku hiyo ubao wa kidato cha tatu ulikuwa safi kuliko ubao wowote wilayani. Niliwahi kujikuta nafuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu. Wanafunzi walinyamaza kimya kabisa. Wanafunzi hunyamaza hivyo pale tu wanapomwogopa mwalimu au wanapomwonea huruma, na mimi sikuwahi kuogopwa.

Katika mwezi wa pili wa kuvaa saa nilikwenda Handeni, kijijini kwetu, kwenye hitima ya baba yangu mdogo. Mama yangu bado anaishi pale, na ukoo mzima ulikuwepo. Tuliketi mikekani, wazee mbele, mimi nyuma yao kidogo kama inavyompasa mwalimu, mtu ambaye si mzee lakini ana miwani. Dua ilikwisha, shekhe akawa anaongea kwa sauti ya chini juu ya msikiti wa kijiji, ambao vyoo vyake vilikuwa vimebomoka wakati wa mvua. Akauliza kama kuna mtu yeyote mwenye moyo wa kulisimamia jambo lile. Watu wote wakaangalia mikeka yao.

Hapo saa ikatikisika. Mtu mdogo wa kijani akainuka kwenye kioo. Nami, kwa mazoea ya wiki saba, nikainuka.

Wazee wakageuka.

"Alhamdulillahi," akasema shekhe. "Mwalimu amesimama."

Ningeweza kusema ukweli, kwamba nimesimamishwa na kifaa. Nilifungua mdomo kuusema. Lakini nyuso zile zilikuwa zimejaa furaha kiasi kwamba nilijikuta nikisema maneno mengine kabisa, kwamba jambo hili ni letu sote na kwamba niko tayari. Nikawa mwenyekiti wa kamati ya vyoo vya msikiti, cheo ambacho ninacho mpaka leo. Mama yangu alinishika mkono baadaye, machozi yanamlengalenga.

"Siku zote nilijua una moyo, mwanangu," akasema.

Moyo huo, kwa mujibu wa saa, wakati ule ulikuwa ukipiga mara mia na kumi na mbili kwa dakika.

Nyumbani, wakati huohuo, mke wangu alikuwa anapungua. Hilo nililiona, na naomba niandike hapa kwamba nililiona, maana baadaye niliulizwa sana. Nililiona kwa wivu. Mimi nilikuwa nakula kabichi iliyochemshwa, natembea mpaka Ngombezi na kurudi, na kitambi changu kilikuwa palepale kama jiwe la mpaka. Yeye alikuwa anakula kuliko mimi, ugali wake na maharage yake, wakati mwingine anaongeza, na gauni zake zikawa zinamning'inia. Alizibana mwenyewe kwa cherehani. Majirani walimsifia. "Mama, umependeza! Umerudi usichana! Unatumia nini?" Yeye alicheka. Mimi nilikuwa na jibu: niliwaambia ni matunda ya nyumba yenye nidhamu ya afya.

Alianza pia kulalamika joto, hata siku za baridi. Alifungua madirisha yote. Alinikaripia kwa mambo madogo, yeye ambaye miaka yote hasira yake ilikuwa kunyamaza. Na kutia uzi kwenye sindano kukawa kazi. Aliusogeza uzi, ukapita pembeni, akausogeza tena. Nilimshauri apime macho. Nilijiona mume mwema kwa ushauri ule.

Kisha ukaja msimu wa mitihani. Kila siku nilikaa mbele ya rundo la karatasi, na hatua zangu zikashuka hadi elfu moja, kisha mia nane. Mtu wa kijani aliinuka na kuinuka mpaka nikamwonea huruma. Binti yangu akapiga simu, na safari hii hakuanza na shikamoo.

"Baba, mia nane? Mia nane ni mtu aliyelazwa!"

"Nina karatasi za kusahihisha, mwanangu."

"Baba, presha haijui karatasi."

Alikuwa anasema kweli, na ilikuwa kweli inayoudhi, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kusema hivyo. Usiku ule sikufikiria kitu. Wazo lilikuja asubuhi, nikiwa nakunywa chai isiyo na sukari, nikimtazama mke wangu akijifunga khanga ya pili kiunoni kwa ajili ya safari ya Makuyuni. Jembe, ndoo, panga. Mtu ambaye angetembea siku nzima, na hatua zake zote zingepotea bure, bila kuhesabiwa na mtu yeyote.

"Mama," nikamwambia, "hebu vaa hii leo."

Aliitazama saa, akanitazama mimi. Nikamweleza. Nilieleza kwa lugha ya kitaalamu kidogo, kwamba ni kwa muda tu, kwamba mtoto ana wasiwasi na si vizuri kumtia wasiwasi mtoto.

"Ngoja nielewe," akasema. "Unataka nitembee mimi, upone wewe?"

"Si hivyo."

"Ni vipi?"

Alinyoosha mkono wa kushoto, nikamfunga saa. Mkanda ulifika tundu la mwisho kabisa.

Alirudi saa kumi na moja jioni, amebeba kuni, jasho linamtiririka. Niliipokea saa kabla ya kuzipokea kuni. Ilisema hatua elfu mbili na mia tatu.

"Umefanya nini leo?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Saa inasema hatua elfu mbili."

Akaweka kuni chini polepole. Akanihesabia. Kutoka barabarani mpaka shambani, mara moja na vitu kichwani. Kutoka shambani mpaka kisimani, mara sita na ndoo. Palizi ya mihogo, mistari yote ya upande wa mchungwa. Kuni. Kurudi barabarani. "Saa yako ilikuwa wapi?"

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa ameshikilia ndoo kichwani kwa mkono wa kushoto. Mkono ulioshika ndoo haubembei, na mkono usiobembea, kwa saa ile, ni mtu aliyekaa kwenye kiti. Mimi nilifuta ubao mtupu nikatambuliwa kuwa nimetembea kilomita. Yeye alibeba maji mara sita na kifaa kikamwandika kuwa amepumzika. Mtu mwingine angetafakari hapo. Mimi nilitafuta ufumbuzi.

"Kesho," nikasema, "ndoo uishike kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uuachie. Uubembeze kidogo."

"Nibembee."

"Mkono tu."

"Nikiwa na ndoo ya maji kichwani, nibembee."

Lakini alifanya. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda kwa sababu jioni ya pili binti yetu alipiga simu akipiga vigelegele, na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa.

"Baba! Elfu kumi na nne! Nimewaonyesha wenzangu wote hapa ofisini! Umefanyaje?"

"Ni nia tu, mwanangu," nikasema. "Mtu akiwa na nia."

Mke wangu alikuwa pembeni anajaribu kutia uzi kwenye sindano. Alinyanyua macho, akanitazama, akarudi kwenye sindano yake. Lakini nilimwona anatabasamu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi mtu kumpigia vigelegele kwa kwenda shambani, hata kama vigelegele vilipita kwa mtu mwingine.

Tuliendelea hivyo karibu wiki tatu. Siku za shamba na siku za cherehani, alivaa yeye, na mara nyingi alisahau kuivua akalala nayo. Jioni moja, mahindi ya kwanza yamekauka, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anapukuchua.

"Saa yako inanitetemekea," akaniambia. "Tangu asubuhi."

Nikaenda kuitazama. Kwenye kioo kulikuwa na moyo mwekundu na namba: mia na ishirini na nne. Mtu aliyekaa kwenye kigoda. Nilikumbuka ukurasa wa kitabu unaohusu moyo mwekundu, nilikuwa nimeupigia mistari miwili. Ulisema kipimo kinaweza kukosea endapo mkanda umelegea.

"Ni hitilafu," nikamwambia. "Mkono wako umekuwa mwembamba, haishiki vizuri."

Nikachukua msumari, nikautia moto, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, nikaukaza. Kisha, kwa kuwa najua kuitumia saa ile kuliko mtu yeyote Korogwe, nikaingia kwenye mipangilio na kuizima tahadhari ya moyo, isije ikamsumbua tena. Kazi yote ilichukua dakika tano. Alinishukuru.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimekaa sebuleni, nimemaliza kusahihisha, natafuna karanga zisizo na chumvi, simu ikaita. Binti yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Baba, uko wapi?"

"Nyumbani."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Usiinuke. Baba, nisikilize. Nilikuwa naangalia hatua tu, sikuangalia kwingine, nisamehe. Jana usiku nimefungua ukurasa wa moyo. Baba, moyo wako haushuki. Wiki mbili. Hata ukiwa umelala unapiga zaidi ya mia. Nimemwonyesha daktari wa huku, ameniuliza kama huyu mtu anatembea. Nikamwambia anatembea hatua elfu kumi na nne kwa siku. Akasema mzuie. Akasema aende hospitali leo, siyo kesho." Hapo sauti ikakatika, nikasikia analia. "Baba, ni mimi niliyekwambia utembee. Baba usife."

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Alinyanyua shuka kulitupa kwenye kamba, akasimama katikati, mkono mmoja kifuani, akapumua kwa mdomo, kisha akaendelea. Niliona mifupa ya mabega yake ndani ya gauni ambalo alikuwa amelibana mara mbili. Niliona shingo yake, na mbele ya shingo uvimbe mdogo, laini, ambao sijui ulikuwa pale tangu lini. Nililala kitanda kimoja na shingo ile.

"Baba? Uko hapo?"

"Mwanangu," nikasema. "Siyo mimi."

"Siyo wewe nini?"

"Anayevaa saa. Ni mama yako."

Nikasikia kilio kinakatika.

"Hatua zote zile?"

"Za mama yako."

"Zote?"

"Kuna mia tatu hivi za kwangu. Za Jumapili."

"Na moyo?"

"Na moyo ni wake."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, kwa sauti kavu, "Mpelekee mama simu."

Nilimpelekea. Sikusikia alichoambiwa, lakini mke wangu alijibu mara tatu "ndiyo" na mara moja "tangu mahindi yakiwa machanga", kisha akanirudishia simu, akavua khanga ya kazi, akajifunga nyingine safi, na akaniuliza kama nina kadi ya bima.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, mpole, ambaye labda nilimfundisha na labda sikumfundisha. Tuliketi mbele yake, na mimi nikaanza kueleza. Nikafungua simu, nikamwonyesha michoro, rangi, mistari inayopanda na kushuka. Nilieleza presha, chumvi, kabichi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipovuta pumzi.

"Samahani, mwalimu. Mgonjwa ni nani?"

"Ni mimi," akasema mke wangu.

Daktari akaiweka simu yangu pembeni kwa upole. Akamshika mkono, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akatazama saa ya ukutani, ile ya kawaida, yenye mishale. Kisha akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja chini, na juu ya vidole vyake akaweka karatasi moja nyeupe. Karatasi ikaanza kutetemeka kama jani. Sisi watatu tuliitazama. Nilikumbuka uzi na sindano.

"Mama, umepungua tangu lini?"

"Miezi mitano. Sita."

"Unakula?"

"Nakula sana."

"Joto?"

"Najisikia kama nimekaa jikoni muda wote."

Akampa kikombe cha maji ameze huku anamtazama shingo. Kisha akatueleza. Ni tezi ya shingoni, akasema, huwapata wanawake wengi. Inafanya kazi kupita kiasi na inausukuma moyo nao ufanye kazi kupita kiasi. Angechukua damu, ipelekwe Tanga ikapimwe, lakini dawa ya kuutuliza moyo angempa leo. Na kazi nzito zisimame mara moja. Shamba, maji, kuni.

"Ungeendelea kutembea vile," akasema, "moyo ungechoka. Nani alikwambia utembee hivyo?"

Mke wangu alinitazama. Alikuwa na nafasi nzuri kuliko aliyowahi kupata katika ndoa yetu yote.

"Tulikuwa tunafanya mazoezi," akasema.

Nilikwenda nje, nikasimama kwenye ukumbi wa wagonjwa kana kwamba nasoma tangazo la chanjo. Nililisoma tangazo lile mara nyingi.

Majibu ya damu yalirudi kama daktari alivyosema. Alianza vidonge vya tezi, na kila baada ya wiki kadhaa tulikwenda kupima, yeye damu, mimi presha. Binti yetu aliagiza kwamba saa abaki nayo mama yake, na kwamba tahadhari ya moyo iwashwe. Aliniuliza nani aliizima. Nilimwambia. Alisema, "Sawa baba," na wiki hiyo hakunipigia simu tena, alimpigia mama yake tu.

Shamba halikujua kwamba mwenyewe ni mgonjwa. Magugu yaliota. Kwa hiyo shule zilipofungwa nikawa nakwenda Makuyuni mimi. Siku ya kwanza nilichota maji kisimani, nikajaribu kuiweka ndoo kichwani kama nilivyomwona akifanya maelfu ya mara. Nusu ilinimwagikia. Wanawake waliokuwa pale walisogea kunipisha, na mmoja wao, bibi wa makamo, akaninyang'anya ndoo bila kuuliza, akaijaza, akaniwekea begani.

"Begani, mwalimu," akasema. "Kichwani si pa kuanzia uzeeni."

"Ahsante, bibi."

"Mwenyewe anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Msalimie. Mwambie tumemkosa. Siku za mwisho alikuwa anakuja hapa anarusha mkono kama askari wa gwaride, tukawa tunajiuliza ana nini."

Nilimfikishia mke wangu salamu zile, zote, na mkono wa gwaride pia. Alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu mwaka uanze. Kisha akasema, bado anacheka, "Na mimi nilikuwa najiuliza," na machozi yakamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ya kitu kingine, na sikuuliza. Nikakaa karibu naye kwenye benchi la cherehani mpaka yalipokauka.

Kuelekea mwisho wa mwaka binti yetu alikuja likizo. Nilikwenda kumpokea stendi. Alinisalimia vizuri, akanipa begi nibebe, tukatembea mpaka karibu na nyumbani. Hapo akasimama.

"Baba, nilikuwa na hasira kwa sababu ulinidanganya," akasema. "Halafu nikawa na hasira zaidi, kwa sababu usingenidanganya, nisingejua kama mama anaumwa. Sijui nikushukuru au nikukasirikie."

"Fanya vyote viwili," nikamwambia. "Nastahili vyote viwili."

"Mimi mwenyewe nilikununulia wewe saa. Mama sikumnunulia kitu."

"Hakuna aliyemnunulia."

Alifikiria, akatikisa kichwa, tukaendelea. Mama yake alikuwa amesimama barazani, mikono imekunjwa, mashavu yameanza kurudi. Binti yangu alimkumbatia muda mrefu, akamshika shingo kwa vidole vyote kama vile na yeye ni daktari. Mke wangu alimwacha amshike mpaka atosheke, kisha akamwambia aende akanawe, chakula kipo tayari.

Asubuhi yake tulikwenda Makuyuni watatu kuvuna maharage. Mke wangu alikatazwa kuinama, kwa hiyo aliketi kivulini kwenye mchungwa na kutuelekeza. Mstari ule tumeuruka. Ule mwingine tunaung'oa vibaya. Tulifanya kazi mpaka jua lilipokuwa kali, na binti yangu, ambaye kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi ya zambarau, alijaza gunia moja kabla yangu.